Walivyonitoa Kizazi Bila Kunipasua Tumbo

Hamjambo wote. Mliosimama nje ingieni, jua ni kali. Na ninyi wanaume msianze kutoka mmoja mmoja kama mnaokwenda kutazama ng'ombe. Kaeni. Mwalimu wa darasa hili la watu wazima ameniambia nisimame niseme, na nikisimama huwa sikai upesi, mnanijua.

Mimi ni Marta, mke wa Ntandu, Mama Yohana. Tulipokuwa bado tunakaa kule juu, kila mtu na tembe lake na mji wake, mimi nilikuwa mwanamke wa nguvu. Sijisifu. Debe la maji nililitoa korongoni nikapanda nalo mlima bila kupumzika. Uwele wa siku mbili niliusaga kwa asubuhi moja. Nimezaa watoto wanane, sita wako hai, wawili wamelala kule kwenye mji wa zamani. Wote nilizalia nyumbani.

Mtoto wa mwisho, huyu Danieli, alikuwa mkubwa. Alinisumbua siku nzima na usiku, na alipotoka nilisikia kama kuna kitu kingine kilitaka kumfuata. Siku ya tatu nilikwenda maji. Nani angenichotea? Eva, binti yangu mkubwa, alikuwa ameshaolewa, na wengine walikuwa wadogo.

Baada ya hapo nikaanza kusikia uzito huku chini. Asubuhi nikiamka sina neno. Jioni, baada ya kulima na kubeba, nasikia kama nimekalia kitu. Siku moja ninaoga, mkono wangu ukagusa nyama laini, ya mviringo, kama yai la kuku. Jamani! Nilikaa chini pale pale kwenye maji. Nikakisukuma kikarudi. Kesho yake jioni kikatoka tena.

Sikumwambia mtu. Nilichana kaniki kuukuu, nikawa nakunja vipande na kujifunga navyo. Mkojo ukawa wa shida: mara haushikiki, mara hautoki mpaka nikisukume kwanza kile kitu kwa kidole. Nasema hivi hivi, msitazame chini. Ni mwili.

Mwaka tuliohamia hapa kijijini ndio ulionimaliza. Mnakumbuka tulivyobeba. Miti ya tembe la zamani tuliibomoa tukaileta kichwani, kamba begani, mtoto mgongoni. Nilibeba nguzo na kile kitu kiko nje, kinasuguana na kaniki. Kikawa kikubwa kama ngumi. Kikatoa vidonda. Halafu damu ya mwezi ikaanza kuja kwa fujo, mabonge mabonge, siku kumi, siku kumi na tano. Mume wangu nilimwambia ni damu tu, akakaa mbali kama ilivyo desturi.

Aliyejua ni mmoja, mama yake mume wangu, Bibi Sara. Alijua kwa harufu, maana vidonda vile vilikuwa vinanuka. Aliniita nyuma ya ghala akaniuliza, nikamwonyesha. Hakushtuka. Alinifunika upesi kwa nguo yangu, akasema, "Vumilia, mwanangu. Hilo ni la wanawake. Mwanaume haambiwi." Akanichemshia mizizi nikakalia mvuke wake. Ulinipoza siku mbili tatu, basi.

Siku ya palizi kwenye shamba la karanga la kijiji nilianguka. Nilikuwa nimesimama na jembe, mara nikaona karanga zote zimekuwa nyeupe. Nilipofumbua macho, balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa ananimwagia maji na kuita watu kwa sauti. Viganja vyangu vilikuwa vyeupe kama vya maiti. Walinipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe mpaka barabarani, tukangoja basi, mimi na Ntandu, tukaenda Kiomboi hospitali.

Sasa sikilizeni kosa langu, maana ndilo lililonisimamisha hapa.

Daktari alikuwa mzungu mzee, mrefu, miwani ameifunga kwa uzi. Kiswahili alikijua, lakini mimi wakati ule nilikuwa sikijui. Nilijua cha sokoni tu: pima, punguza, sitaki. Kinyaturu yeye hakujua. Basi akaita dresa wake, yule mfunga vidonda, aje atafsiri. Mlango ukafunguka, akaingia Samweli.

Samweli ni nani? Mume wa Eva. Mkwe wangu!

Nilijua anafanya kazi hospitali, lakini nilidhani anafunga vidonda mahali pengine, mbali na wanawake. Kwetu mama mkwe na mkwe wa kiume hatutazamani. Tukikutana njiani mmoja anaingia porini. Hanioni nikila. Nilijifunika kanga uso mzima, nikageukia ukuta. Na yeye, mtoto mwenye adabu zake, akageukia ukuta wa pili. Mzungu wa watu akabaki katikati anatazama migongo miwili.

Akauliza ninaumwa nini. Samweli akauambia ukuta wake, nami nikaujibu wangu, "Tumbo. Na damu."

Daktari akauliza jambo jingine, refu. Samweli akakwaruza ukuta kwa ukucha. Akakohoa. Halafu akasema kwa Kinyaturu, "Anauliza kama kuna kingine, Mama."

Baadaye nilikuja kujua daktari aliuliza kama kuna kitu kinashuka. Samweli hakuweza kulitamka mbele yangu. Na mimi ningejibu nini? Nilisema, "Hakuna."

Daktari akanibonyeza tumbo, akakuta uvimbe kwenye kizazi. Alipotaka kunikagua chini nilibana miguu nikapiga kelele mpaka wagonjwa wa nje wakachungulia. Akaacha. Akasema basi, atakagua siku ya upasuaji nikiwa nimelala. Kwa sababu ya uvimbe na damu ile, atapasua tumbo atoe kizazi. Lakini damu yangu ni kidogo mno, na kifua changu kinakoroma kwa moshi wa jikoni. Nusu kaputi ya usingizi mzito anaiogopa kwa kifua kile, na kikohozi kinaweza kuvuta nyuzi za tumbo. Nilale wodini kwanza, nimeze vidonge, niongezewe damu, ndipo aone.

Shemeji yangu alitoa chupa moja ya damu, Mungu ambariki. Nikalala wodini wiki tatu. Na kwa kuwa nilikuwa nalala, kile kitu kilikuwa kimetulia ndani, nami nikasema moyoni, afadhali, hakuna atakayekiona.

Kitanda cha pili alikuwapo mama mmoja wa Issuna, Bi Halima, muuza karanga na samli mnadani, mdomo wake haulali. Siku ya kwanza nilimwona akirudishwa kutoka chumba cha upasuaji kwenye kitanda cha magurudumu. Siku ya tatu nikamwona anatembea! Anakwenda mwenyewe chooni, kanga begani, anamsalimia kila mtu.

Nikamwuliza kwa Kinyaturu, "Dada, si ulipasuliwa wewe?"

"Nimetolewa kizazi."

"Kidonda kiko wapi?"

Akacheka, akafunua tumbo. Loo! Tumbo safi, lina mistari ya uzazi tu kama langu. Nilinyoosha mkono nikaligusa. Hakuna uzi, hakuna alama.

"Kimepita wapi?"

"Kule kule walikopita watoto," akasema. "Na nilikuwa macho, wallahi. Walinichoma sindano ya mgongo, huku chini kukafa, kichwa kiko hai. Nilikuwa nawasikia wanaongea."

Sikuwahi kusikia jambo kama hilo. Nilidhani binadamu akifunguliwa ni tumbo tu, kama mbuzi. Nikamwuliza kwa nini yeye hakupasuliwa tumbo. Akasogea, akapunguza sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Changu kilikuwa kimeshuka. Kinatoka nje kila jioni. Daktari alisema kilichoshuka kimeshaijua njia, hakuna haja ya kupasua juu."

Halima akanitazama, akatazama jinsi nilivyobana miguu, akajua. Wanawake tunajuana.

"Umemwambia?"

"Anayetafsiri ni mkwe wangu."

Akapiga kofi pajani. "Ala! Kwa hiyo ufe kwa nusu kaputi kwa sababu ya mkwe?"

Alitaka akaseme yeye. Nikamkataza, nikamwapisha. Nilikuwa mjinga wa kutosha. Lakini alifanya jambo moja kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani. Alikaa kitandani kwangu akanifundisha maneno ya Kiswahili, neno moja moja, kama mwalimu wetu huyu anavyofundisha. "Daktari. Kizazi. Kinatoka. Nje." Nikayasema mpaka akaridhika. Akaniambia, "Haya ni manne tu. Huhitaji mkwe." Kesho yake akaondoka na basi.

Usiku niliwafikiria watoto wangu. Danieli alikuwa na miaka miwili. Niliogopa ile dawa ya usingizi, niliogopa kifua changu, niliogopa kufa huku jibu linalonisaidia liko mdomoni mwangu mwenyewe. Na bado, aibu ilikuwa nzito kuliko debe.

Asubuhi daktari akapita wodini. Samweli nyuma yake, kashika sinia la dawa, macho chini. Wakafika kwangu. Daktari akasema neno na Samweli akageuka ukutani atafsiri. Mimi nikaondoa kanga usoni. Nikasema kwa sauti, wodi nzima ikasikia:

"Daktari. Kizazi kinatoka nje."

Sinia la Samweli lililia njwaa! Vidonge vikatawanyika chini ya vitanda. Hakuviokota, alitoka mbio. Daktari akavua miwani yake. Akaniuliza polepole, "Tangu lini, mama?" Hilo nilielewa. Nikamwonyesha kwa mkono urefu wa Danieli.

Aliita nesi, wakavuta pazia. Safari hii sikupiga kelele. Alinisimamisha, akaniambia nikohoe, na mimi kifua changu kilikuwa hodari kwa hilo. Kikatoka chote. Nesi, binti wa kutoka mbali, akanishika bega akasema, "Pole, mama." Nililia kwa hiyo pole. Hakuna mtu aliyekuwa amewahi kuniambia pole kwa jambo lile.

Siku mbili baadaye Ntandu akaja na Bibi Sara. Daktari akatuweka pamoja, akavuta kiti, akakaa. Daktari mzima amekaa usawa wetu! Alimtumia nesi wa Kinyaturu aliyemwita kutoka wodi ya watoto. Akasema hivi: njia ziko mbili. Ya juu, anapasua tumbo, anaona kila kitu vizuri, uvimbe hata uwe mkubwa anautoa. Lakini ni usingizi mzito, kidonda kirefu, na kifua changu kibaya. Ya chini, hapasui tumbo, nakuwa macho, napona upesi, na anashona pale palipolegea ili visishuke vingine. Lakini uvimbe ukikataa kupita, itabidi amalizie kwa juu, na hilo hawezi kuniahidi kwamba halitatokea. "Mimi naona ya chini," akasema. "Lakini mwili ni wako. Chagua."

Nilimwambia nesi arudie. Akarudia: mwili ni wako. Watoto wanane nimewazaa, na sikuwahi kusikia neno hilo. Nilitazama mikono yangu, ile ile iliyochanika kwa kamba, nikaona kama ni mara ya kwanza naiona.

Bibi Sara akasema, "Mwanaume aingie huko? Haiwezekani. Apasue tumbo, tumbo si aibu."

Ntandu alikuwa hajui, kumbukeni, ndiyo kwanza anasikia. Akaniuliza, "Siku tunabeba zile nguzo, kilikuwa nje?"

"Kilikuwa nje."

Akashika kichwa. Mume wangu si mtu wa machozi, mnamwona hapo, leo anajifanya anatazama dirisha. Siku ile aliyatoa. Akamwambia mama yake, "Mama, nyamaza, shikamoo yako nakupa, lakini nyamaza." Akaniambia mimi, "Sema wewe."

Nikasema, "Ya chini."

Siku yenyewe ilikuwa asubuhi nzuri. Kabla hawajanipeleka, mtu alibisha mlangoni na kusimama nje bila kuingia. Ilikuwa sauti ya Samweli. Alisema, "Mama, daktari anataka mtu wa kukaa kichwani kwako akuambie maneno. Nesi yule ana zamu kwa watoto. Nikikosa ruhusa yako, siingii." Nilifikiri kidogo. Nikasema, "Ingia, mwanangu. Ila utazame ukuta."

Wakanikunja mgongo kama paka, wakachoma. Ubaridi, halafu moto, halafu miguu yangu ikaniacha. Naiona, najua ni yangu, naiambia isogee, haisogei. Wakatundika shuka kifuani, mimi nikabaki na kichwa na mikono tu. Samweli amekaa kwenye kigoda nyuma ya kichwa changu, anatazama ukuta kama alivyoahidi.

Nilisikia vyuma vinagongana. Nilisikia wanavuta, kama mtu anavyovutwa nguo akiwa usingizini, bila maumivu hata chembe. Samweli ananiambia, "Mama, wamefunga mishipa ya kulia." Baadaye, "Mama, sasa ya kushoto." Nje niliwasikia wanawake wanafua na kucheka. Nikawaza, watu wanafua, na mimi nafunguliwa, na niko macho, na ninamsikia mkwe wangu. Nilianza kuomba lakini maneno ya sala yakanipotea. Nikawa nasema tu, Mungu wangu, Mungu wangu.

Daktari akapumua kwa nguvu, akavuta, akanong'ona. Samweli akasema, "Uvimbe umebana kidogo, Mama. Anajaribu." Nilishika ukingo wa kitanda. Halafu nikamsikia daktari mwenyewe, kwa Kiswahili changu cha maneno manne nikamwelewa: "Kimetoka."

Nikasema, "Nikione."

Samweli akatafsiri. Wakatazamana. Daktari akaja upande wangu, na bakuli jeupe mkononi.

Ndugu zangu, sijui niwaambieje. Kilikuwa kidogo! Ukitoa ule uvimbe uliokaa ubavuni kama kiazi, chenyewe kilikuwa kiganja changu, chekundu, kinang'aa. Nilidhani nitaona kitu kikubwa, gunia. Wanane wametoka humo. Yohana mwenye mabega yale ametoka humo. Eva ametoka humo. Na wale wawili niliowazika, nyumba yao ya kwanza ilikuwa hiyo. Nilikitazama mpaka nesi akataka kukiondoa, nikamwambia ngoja. Nikakiambia kwa Kinyaturu, ahsante, umefanya kazi. Nyuma yangu nikasikia Samweli anavuta kamasi.

Mpira wa mkojo ulikaa siku tano, na ndani walinijaza vitambaa ambavyo kuvitoa kuliniuma kweli, sidanganyi. Nilitokwa damu kidogo, kisha maji maji, kisha ikakata. Siku ya tatu nilisimama. Ya sita nilitembea mpaka kwenye mti wa nje nikarudi. Huku chini palikuwa pepesi, jioni pepesi kama asubuhi! Nilikuwa nimesahau kwamba mtu anaweza kuwa hivyo.

Nyumbani kazi ilikuwa watu. Daktari aliniandikia nisibebe maji wala kuni miezi mitatu, na mume alale kitanda chake. Ntandu alichota maji mwenyewe, akachekwa kisimani, akaendelea kuchota. Lakini shamba la kijiji sikwenda, na maneno yakaanza. Kapasuliwa wapi? Mbona hana kovu? Wengine mko humu ndani, sitaji majina, mlikuja mkaniomba mtazame tumbo langu. Mkaliona safi, mkatoka mnasema Marta mvivu. Nimewasamehe, lakini nimewasema.

Hata Bibi Sara alinipapasa tumbo lote, juu na chini, kwa vidole vyake. Akarudi jikoni kwake.

Halafu juzi tu, tunabangua karanga, yeye na mimi, akaweka ungo chini. Akaniuliza, "Yule mganga wako, mtu akiwa mzee anamkubali?"

Nikamwambia anamkubali. "Nani anaumwa, Mama?"

Akachukua karanga moja, akaibangua polepole.

"Changu kilishuka nilipomzaa mumeo," akasema.

Ntandu ana mvi, mnaona. Miaka yote hiyo! Amelima nacho, amesaga nacho, amehama nacho. Aliponiambia vumilia, alikuwa ananigawia kitu pekee alichokuwa nacho. Nilimpigia magoti. Nilitaka kumwambia pole, nikamshika tu miguu.

Mtasema, Marta, mbona unamwaibisha mama wa watu mbele ya kijiji? Amekaa pale karibu na mlango, amejifunika kitenge cha bluu. Amenituma niseme. Amesema yeye hana ulimi wa kusema, na mimi ninao wa kuzidi.

Namshukuru Mungu. Namshukuru yule daktari, na Bi Halima kwa maneno yake manne, na Samweli, ambaye hata sasa tukikutana njiani mmoja wetu anaingia porini, ila siku hizi kabla hajaingia ananiuliza kwa mbali, "Umepona, Mama?" nami namjibu, "Nimepona." Ninyi wanaume, waulizeni wake zenu, na mkiwauliza msiondoke kabla hawajajibu. Ninyi wasichana mliozaa juzi, msikimbilie debe.

Na ninyi wenzangu, jueni si kila mmoja njia yake ni ya chini. Daktari ataona, atawaambia. Lakini mwambieni yote, hata kama anayetafsiri ni baba yenu.

Lori la karanga linakwenda Kiomboi Jumatatu alfajiri. Mimi na Bibi Sara tunapanda. Nimeongea na dereva, nyuma kuna nafasi ya watu wanne zaidi. Sitauliza mtu anakwenda kwa nini. Njooni tu na shuka.